Kujenga ndege ya vita ya plastiki kwenye joto la Dar

Karibu kila mwongozo wa kuunda modeli za ndege niliowahi kuusoma umeandikwa na mtu anayeishi kwenye baridi. Anakwambia uache rangi ikauke usiku kucha, ufunge madirisha vumbi lisiingie, ukikwama utembee hadi duka la modeli mtaa wa pili. Mimi niko Tabata. Nikifunga madirisha nazimia, jasho linadondoka kwenye bawa nililotoka kulipiga msasa, na duka la karibu lenye gundi ya kazi hii liko ng'ambo ya bahari. Plastiki ni ile ile kila mahali, ila vingine vyote hubadilika ukiwa Pwani. Nimeandika haya kwa mtu wa Dar, Tanga au Mombasa anayetaka kuanza, asipoteze pesa na masika mazima kama nilivyopoteza mimi.

Wengi huanza na Spitfire, na hakuna ubaya. Mimi nilitaka Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza, kwa sababu ya babu mzaa mama. Alikuwa keya, askari wa King's African Rifles, kwenye jeshi lililotoka Kenya mwanzoni mwa 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, likapita Somalia hadi Ethiopia. Mogadishu ilichukuliwa tarehe 25 Februari, Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Babu hakupenda kusimulia mapigano. Alisimulia viatu, kiu, na ndege: za Mtaliano zina mabawa ya ghorofa, za upande wetu zina bawa moja. Nilidhani ni maneno ya mzee. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Waitaliano walirusha Fiat CR.42, yenye bawa juu na bawa chini, na marubani wa Afrika Kusini walikuwa na Hurricane.

Kisa kilichonimaliza ni cha tarehe 15 Machi 1941. Rubani John Frost wa Skwadroni ya 3 ya Afrika Kusini alipigwa akiwa anashambulia uwanja wa ndege wa Diredawa, Ethiopia, akalazimika kutua kwenye kiwanja kidogo huko huko kwa adui. Mwenzake, Bob Kershaw, akatua kumfuata huku risasi zikirushwa. Wakabanana wawili kwenye kiti cha mtu mmoja, wakaruka, wakarudi salama. Ukishakijua kisa hicho, ukakitazama chumba cha rubani cha Hurricane chenye upana wa ukucha wa kidole gumba, unaanza kujali kila kipande kinachoingia humo. Nami najenga kwa ajili hiyo. Sijawahi kushindana na mtu.

Sasa tuje kwenye kununua. Modeli hizi huuzwa kwa skeli, yaani ndege halisi imepunguzwa mara ngapi. Zile za kawaida kwa ndege za kivita ni 1/72, 1/48 na 1/32. Hurricane halisi ilikuwa na upana wa mita 12.19 toka ncha ya bawa moja hadi nyingine, kwa hiyo katika 1/72 unapata ndege ya karibu sentimita 17, na katika 1/48 sentimita 25 na ushee. Anza na 1/72. Najua kubwa inavutia, na wengi watakwambia vipande vikubwa ni rahisi kushika. Ni kweli, lakini bawa kubwa linaonyesha kila kasoro ya rangi, linakula rangi nyingi, na sanduku lake huongeza gharama ya usafirishaji. Modeli yangu ya kwanza ilikuwa 1/48. Nauli yake ilizidi bei yake, halafu nikajifunza jambo ambalo ningelijua mapema kama ningeuliza: ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei pamoja na usafirishaji na bima, na hapa Tanzania VAT ya asilimia 18 inakuja juu ya hayo yote. Kwa hiyo nauli kubwa unailipia mara mbili. Siku hizi naagiza modeli mbili tatu ndogo kwenye kifurushi kimoja, au nangoja ndugu anayerudi kutoka Uingereza anibebee kwenye sanduku lake.

Unapombebesha mtu, mwambie abebe plastiki peke yake. Rangi za mafuta, tina ya kuyeyushia rangi na gundi ya modeli ni vitu vya kuwaka, haviruhusiwi kwenye mizigo ya ndege, na wauzaji wengi hawavitumi kwa posta ya anga. Zinazosafiri bila matatizo ni rangi za akriliki za maji, kwa mfano Vallejo za Hispania. Hili peke yake lilinichagulia aina ya rangi kabla sijajua tofauti zake. Gundi ndiyo shida kubwa. Gundi halisi ya modeli haigandishi vipande. Inayeyusha kingo za plastiki ili ziungane ziwe kitu kimoja, kama fundi wa kuchomelea anavyofanya na chuma. Supagluu ya dukani inashika tu juu juu, na ukiidondosha modeli itapasuka pale pale ulipounga. Ukipata chupa moja ya gundi halisi, itunze kama dawa. Yangu huwa naifunga, naiweka kwenye mfuko wa plastiki, kisha mahali penye kivuli, kwani kwa joto hili inapungua hata ikiwa imezibwa.

Vifaa vingine vyote unavyo mjini, ila viko kwenye maduka ambayo hukuyafikiria. Msasa wa maji nunua kwenye maduka ya rangi za magari: namba 400 ya kuondoa, 800 ya kusawazisha, 1500 na 2000 ya kung'arisha. Karatasi moja ni pesa ndogo, na ukiikata vipande inakutosha modeli kadhaa. Kipande cha ndala iliyochakaa ukikizungushia msasa kinajikunja vizuri kwenye maungo ya bawa kuliko kibao. Kwenye duka la vipodozi chukua tupa ya kucha na kibano cha nyusi. Koleo ndogo ya fundi simu inakata vikonyo, vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande kwenye fremu, bila kunyofoa kipande. Vibanio vya nguo na ile mipira ya kufungia pesa hushikilia mabawa wakati gundi inakauka. Pengo dogo jaze kwa supagluu ukilinyunyizia baking soda: linakuwa gumu papo hapo, na ulipige msasa siku hiyo hiyo, maana likilala linakuwa gumu kuliko plastiki yenyewe.

Kabla ya yote, osha fremu zote za plastiki kwa maji na sabuni ya vyombo. Kiwandani hutumia mafuta ili plastiki itoke kwenye kalibu, na mafuta hayo yakibaki rangi haishiki. Huku kwetu kuna sababu ya pili, nayo ni jasho. Mimi huosha mwanzoni, halafu nikimaliza kuunga naifuta tena kwa spiriti ya duka la dawa kabla ya kupaka. Usitumie asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha; inakula plastiki.

Kazi ya kuunga ndiyo nitakayokaa nayo kidogo, maana hapo ndipo Hurricane inapokutofautishia fundi na mtu mwenye haraka. Ndege hii ilibuniwa na Sydney Camm, ikaruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935, wakati ndege nyingi bado zilikuwa za vitambaa. Nusu ya nyuma ya kiwiliwili chake ilikuwa hivyo hivyo: mabomba ya chuma, mbao juu yake, kisha kitambaa kilichovutwa kikakaza. Ndiyo maana kwenye modeli utaona mistari iliyoinuka inayokwenda toka nyuma ya rubani hadi mkiani. Sasa kiwiliwili kinakuja nusu mbili, kushoto na kulia, na unapoziunga unabaki na mshono mgongoni. Ukipiga msasa kama unavyosugua sufuria, unaondoa mshono pamoja na ile mistari, na ndege ya kitambaa inageuka bomba la maji. Kunja msasa uwe na ukingo mwembamba, sugua kwa urefu kufuata mistari, usikate upande. Lowesha kila mara. Ukilowesha msasa hauzibi, wala huvuti vumbi la plastiki mapafuni, na kwenye nyumba yenye watoto hilo si dogo.

Kabla ya gundi yoyote, jaribu kuunganisha vikavu. Shika bawa mahali pake, angalia kwa mbele kama pande zote mbili zinainuka sawa. Mabawa ya Hurricane yanainuka kidogo kuelekea nchani, na bawa moja likilala kuliko lenzake jicho linaliona hata ukiwa mlangoni. Ukikuta bawa limepinda tangu kwenye sanduku, na vifurushi vilivyokaa kwenye joto la bohari hupinda, lizamishe kwenye maji ya moto, yasiyochemka, lirudishe taratibu kwa vidole, kisha litie kwenye maji baridi. Usijaribu kwa moto wa mshumaa. Mshumaa una kazi nyingine: pasha kikonyo cha plastiki hadi kilegee, kitoe kwenye moto, kivute pande mbili, utapata uzi mwembamba kama unywele. Huo ndio waya wa redio kutoka mlingoti hadi mkiani.

Gundi nyepesi kwenye hewa yetu inakimbia. Video zinakuonyesha mtu anagusa brashi kwenye kiungo, gundi inateleza yenyewe hadi mwisho. Kwangu inafika nusu imeshakauka. Nimejizoesha kugusa sehemu tatu nne za kiungo kimoja badala ya kutegemea itiririke, na kuzima feni kwa dakika hizo. Feni ni adui wa kila hatua. Inakausha rangi kwenye ncha ya brashi, inaleta vumbi, na imewahi kunirushia gurudumu la mkia ambalo mpaka leo sijaliona. Kazi nzuri nimeifanya kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi: hewa imetulia, mikono mikavu, watoto wamelala.

Rangi. Nilinunua brashi ya hewa, ile ya kunyunyizia rangi, na kompresa ndogo ya kuisukuma mapema mno, kabla sijajua kupaka kwa mkono, nazo ndizo pesa ninazozijutia zaidi ya zote. Kompresa isiyo na tangi umeme ukikatika inakufa ukiwa katikati ya bawa. Tena hewa ya Pwani ina maji. Inapokandamizwa yale maji yanajikusanya kwenye mpira, kisha yanatema matone juu ya rangi. Kama lazima ununue, nunua yenye tangi na yenye kichujio cha kunasa maji, ukimwage kila baada ya kazi. Lakini kwa skeli ya 1/72 brashi ya mkono inatosha kabisa. Punguza rangi kwa maji, paka koti nyembamba hata kama la kwanza linaonekana la aibu, ngoja likauke, paka jingine kwa mwelekeo mwingine. Ili rangi isikauke kwenye sahani, weka sponji ya vyombo iliyolowa ndani ya kisahani, juu yake karatasi ya kuokea keki, na rangi juu ya karatasi. Inakaa mbichi asubuhi nzima.

Praima, rangi ya chini ya kushikisha nyingine, nilikwenda kuiulizia kwa jirani ambaye ni fundi wa rangi za magari, mtu wa miaka mingi kazini mtaa wa Gerezani. Nikampa kipande cha bawa. Akakigeuza, akakigonga kwa ukucha, akasema, "Bosi, tina yetu hii itakula. Nyunyizia kwanza kwenye hivyo vikonyo unavyotupa. Kikinata usiku mzima, achana nayo." Tukajaribu aina mbili za kopo kwenye vikonyo. Moja ilikunja plastiki kama ngozi ya maziwa. Ya pili ilikaa vizuri, kwa sharti alilonipa: kopo liwe mbali, mkono usisimame, koti liwe kama ukungu. Tangu hapo sitii kitu chochote kipya kwenye modeli kabla ya kukijaribu kwenye kikonyo, iwe rangi, vanishi au hata siki.

Mchoro wa Hurricane za mwaka ule ni kahawia ya udongo na kijani iliyokolea kwa juu, zikipangwa kwa mabaka. Ukipaka rangi kamili kama ilivyo kwenye kopo, modeli ndogo inaonekana nyeusi kupita kiasi, hivyo ongeza tone la nyeupe au la kijivu. Kuhusu alama za duara za kutambulisha ndege ni ya nchi gani, usijitese sana. Waafrika Kusini walikuja kuweka rangi ya chungwa mahali pa nyekundu ya Waingereza, na kwenye picha za nyeusi na nyeupe huwezi kuapa ipi ni ipi. Nimeona watu wazima wakigombana kwa hili kama wanagombea kiwanja. Chagua picha moja ya ndege moja, ifuate hiyo, maisha yaendelee.

Sasa masika. Nilikuwa nimemaliza rangi na dekali, zile stika za kuloweka, imebaki vanishi ya kuondoa mng'ao, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nikatoka kibarazani na kopo, nikanyunyiza. Ndani ya dakika ndege yote ikawa nyeupe, ukungu wa maziwa kuanzia pua hadi mkia, na mabaka yaliyonichukua majuma yakapotelea humo. Nilikaa kitako. Mke wangu alitoka akaitazama, akaniuliza kama hiyo nayo ni rangi ya vita. Unyevu wa hewa hunaswa ndani ya vanishi inapokauka kwa kasi, na huo ndio weupe wenyewe. Usiikwangue wala kuiosha. Ngoja siku ya jua na upepo mkavu, nyunyizia koti jembamba la vanishi ya kung'aa ya aina ile ile juu yake, na mara nyingi ukungu unayeyuka. Yangu ilirudi, isipokuwa chini ya bawa la kushoto, ambako bado kuna doa kama wingu. Toka siku hiyo makopo yote ya kunyunyiza yanangoja Juni hadi Septemba. Masika ni ya kukata, kuunga na kupiga msasa.

Dekali zina adui mmoja: hewa iliyonaswa chini yake. Zikiwekwa juu ya rangi isiyong'aa, utaona utando wa fedha kuzunguka kila alama. Paka kwanza vanishi ya kung'aa, loweka dekali kwenye maji ya vuguvugu, itelezeshe, ikandamize kwa pamba kuanzia katikati. Ikigoma kulala juu ya mistari ile ya mgongoni, siki nyeupe huilainisha kiasi. Igusie kwa brashi halafu usiishike tena hata ikijikunja, itanyooka yenyewe. Dekali za zamani zilizogeuka njano zibandike dirishani ndani ya mfuko wa plastiki, jua lizichome kwa siku kadhaa. Kwa hilo jua letu linashinda la kwao. Zihifadhi na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya, la sivyo unyevu unaziganda kwenye karatasi yake.

Kioo cha rubani kiweke mwisho, kwa gundi nyeupe ya seremala. Supagluu inatoa mvuke unaotia kioo ukungu usiotoka. Mikanda ya kiti nimeikata kwenye karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaipaka rangi ya kitambaa. Hurricane ya aina ya kwanza ilikuwa na bunduki nane, nne kila bawa, na mafundi walikuwa wakibandika vitambaa vyekundu juu ya matundu yake vumbi lisiingie; vistatili hivyo vinne vinne ndivyo vinavyoipa uhai modeli yote. Hata ndege yenyewe ilipopelekwa nchi za jangwani ilifungwa chujio kubwa chini ya pua, kwa hiyo usione haya kuhangaika na vumbi. Ukikuta chujio hilo kwenye sanduku, hakikisha ndege ya kwenye picha yako ilikuwa nalo kabla hujaligandisha. Vumbi jekundu la viwanja nimelitengeneza kwa chaki ya rangi iliyosagwa, nikaipaka kwa brashi kavu kwenye magurudumu na nyuma ya mabawa. Na usiku, modeli mbichi ifunike kwa beseni. Mjusi wa dari hana heshima na rangi.

Watu huniuliza gharama. Plastiki yenyewe ni robo ya hesabu, nyingine ni nauli, ushuru na rangi. Ila rangi zinabaki, na ndege ya pili inakuja kwa chini ya nusu. Muda siuhesabu tena. Lakini zipo jioni nimekaa mezani hadi shingo ikakakamaa kwa ajili ya kipande ambacho kikishafungiwa ndani hakuna atakayekiona, na zipo wiki sikutaka hata kuitazama. Nilipokuwa na hasira nikijilazimisha kuendelea, nilivunja mguu wa gurudumu, kisha kuuunga tena nikaupinda.

Inayofuata ni ile ya ghorofa, CR.42. Nimeshaifungua sanduku, na tayari nimeona mtego wake: nguzo kati ya bawa la juu na la chini zinatakiwa zisimame zote kwa pamoja, na rangi ni lazima ipakwe kabla ya kuunga, maana ukishafunga bawa la juu brashi haifiki. Nakata kadibodi ya boksi la viatu iwe kiunzi cha kuyashikilia mabawa yote mawili kwa pembe moja. Mwenye njia bora zaidi aniambie kabla ya Juni.